Leo Pia Nimekwenda

3 Februari

Daktari wangu, mdogo wangu wa tumbo moja,

Natumaini barua hii inakukuta umekula, maana nakujua. Huku sote wazima. Mgongo wa Mama ulikuwa unamsumbua, lakini jana amegombana na jirani kuhusu kamba ya kuanikia nguo, kwa hiyo tumejua amepona. Mpwa wako ameota jino la nne na kile kijiko bado hakiachi, hata usingizini kakishika. Tulimwita Kijiko kwa utani, sasa ukimwita jina lake la kweli hageuki. Shemeji yako anapaka rangi madarasa ya shule moja, anarudi nyumbani na nyusi nyeupe, mtoto anamkimbia akidhani ni mtu mwingine.

Koti lako jeupe nimelimaliza. Kifuani nimetia jina kwa uzi mwekundu, DAKTARI, herufi zimesimama vizuri isipokuwa ile R imelala kidogo. Mama amelitundika sebuleni, ameondoa kalenda kulipa nafasi. Mgeni akiingia anaonyeshwa koti kabla hajapewa kiti. Juzi fundi bomba kaja kuziba tu, akasimamishwa pale mpaka akasema hongera.

Nina shida moja ndogo. Karatasi za kukatia nguo zimeniishia, na gazeti linaacha wino kwenye kitambaa cheupe. Kama una madaftari ya zamani ambayo huyahitaji tena, nitumie. Ninagundisha kurasa kwa uji mzito, ninapata karatasi pana ya kukatia hata gauni. Mpe Polepole, yule dereva wa lori aliyekuletea barua hii. Anachelewa lakini hapotezi.

Dada yako anayekuwaza

*

27 Februari

Dada, shikamoo.

Mimi mzima. Masomo yanaendelea. Chakula kipo. Nipelekee shikamoo kwa Mama, na mpwa wangu mbusu jino moja moja.

Madaftari hayo hapo, kumi na manne. Ni ya mwaka wa kwanza na wa pili, na machache ya mwaka huu wa tatu. Yakate upendavyo.

Koti msilitume bado. Hapa tunapewa ya chuo.

Mdogo wako

*

9 Machi

Mdogo wangu,

Sisi wazima, Mama mzima, mtoto mzima. Leo salamu ni fupi, nisamehe. Nina jambo limenikaa kooni tangu Jumanne.

Nilikuwa nakata mgongo wa gauni la mwalimu wa chekechea. Ni mwanamke mpana, ilibidi nigundishe kurasa sita. Mapafu yakaangukia begani, figo zikaangukia kiunoni mahali pake kabisa, nikacheka peke yangu, nikamwambia Mama, "Mwalimu leo atavaa figo zake kwa nje." Mama akasema, "Usichezee masomo ya mwenzio." Nikashika mkasi. Ndipo nikaona.

Chini ya ukurasa, pembeni, kwa herufi ndogo kama wadudu: *Leo pia nimekwenda.*

Nikadhani ni sehemu ya somo. Nikatazama ukurasa wa pili. *Leo pia nimekwenda.* Wa tatu hivyo hivyo. Nikaweka mkasi chini, nikachukua daftari jingine, na jingine. Unajua mimi nasoma kwa kidole, neno kwa neno, kwa hiyo ilinichukua siku tatu, nasoma mtoto akilala. Madaftari yote kumi na manne. Karibu kila siku uliyoandika tarehe, chini umeandika hivyo. Na kando ya maandishi umechora magurudumu. Makubwa, madogo, yenye spoki, yasiyo na spoki. Moyo wa mtu hukuumaliza kuuchora, umeishia nusu, lakini gurudumu la pembeni lina kila kitu mpaka misumari.

Mtu anayependa anapokwenda haandiki kwamba amekwenda. Mimi sijawahi kuandika popote, "Leo pia nimeshona."

Gauni la mwalimu bado liko mezani. Niambie, kuna nini huko?

Dada yako

*

2 Aprili

Dada, shikamoo.

Hakuna kitu. Ile ni kuweka mahudhurio tu, wengi tunafanya. Magurudumu ni kupoteza muda mwalimu akichelewa. Unatengeneza jambo pasipo jambo.

Nilikutumia karatasi ukatie nguo. Sikukutumia usome.

Mwambie Mama nitafaulu, asiwe na wasiwasi.

Mdogo wako

*

14 Aprili

Mdogo wangu,

Huku wazima.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikitafuta mahali umecheka. Sikupaona. Kweli, mimi ni wa darasa la saba na kidole. Labda ulipofunga ule mzigo ulisema moyoni, dada haoni maandishi, anaona karatasi. Sikulaumu. Hata wateja wangu wananisomea vipimo vyao kwa sauti kana kwamba mimi ni kipofu.

Lakini kwa kuwa nimeshasoma, nimalizie. Daftari la mwisho, lenye jalada la kijani, linafika tarehe kumi na moja ya mwezi wa kumi. Siku ile hukuandika kwamba umekwenda. Hukuchora gurudumu. Ukurasa mzima ni mweupe, katikati kuna maneno matatu: *Alinishika mkono. Asante.*

Baada ya hapo daftari halina kitu.

Nani alikushika mkono? Na hiyo asante ni ya nani?

Gauni la mwalimu nimelikatia gazeti. Madaftari yako nimeyafunga kwa utepe, nimeyaweka juu ya kabati, mtoto asiyafikie.

Dada yako

*

3 Juni

Mdogo wangu,

Hii ni ya pili bila jibu. Sote tupo. Kijiko anasimama akishika meza, akiachia anakaa chini kwa kishindo na kutulaumu sisi.

Polepole nimemuuliza kama ile barua ya Aprili alikupa. Ameapa. Amesema, "Nilimpa mkononi, dada, mkono wenyewe mweusi kwa grisi kuliko wangu. Nikamwuliza, we daktari unatibu malori? Hakucheka." Kisha akaniambia hakukukuta bwenini, alikukuta nyuma ya hospitali, chini ya kitanda, umelala chali na spana.

Mama alikuwa karibu, nikajifanya nimemeza uzi, nikakohoa mpaka akaondoka.

Andika chochote. Hata ukinitukana, andika.

Dada yako

*

19 Juni

Dada, shikamoo. Na unisamehe kwa ile barua ya Aprili. Niliiandika nikiwa nimesimama, nikaibandika haraka nisije nikaisoma. Mzima nipo, kama kula na kulala ndiko kuwa mzima.

Nakujibu sasa.

Ilikuwa wodi ya wanaume. Nilipewa trei mbili, moja ya kitanda cha sita, nyingine ya kitanda cha saba, nikaambiwa nimchome sindano mzee wa kitanda cha sita. Kitanda chake kilikuwa na gurudumu linalolia kila akijigeuza. Nilikuwa nalisikiliza. Dada, naapa, nilikuwa nimeshika mkono wa mtu na nawaza kuhusu gurudumu, kwamba halikosi mafuta, ila ekseli yake, kile chuma linalozungukia, imepinda. Nikachukua sindano ya trei isiyo yake. Sindano ilikuwa imebakiza upana wa ukucha kufika kwenye ngozi muuguzi aliponishika mkono. Hakupiga kelele. Alinishika tu, nguvu yote, akaniangalia.

Na mzee, ambaye hakuona kitu, akaniambia, "Asante, daktari."

Alidhani nimeshamaliza.

Nilitoka nje, nikaenda mpaka majengo yalipoisha. Nyuma ya hospitali kuna karakana ya kutengeneza vitanda na viti vya magurudumu. Fundi wake wanamwita Mzee Spana. Nilikaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Hakuniuliza mimi ni nani. Baada ya muda akasema, "Shika hapa." Nikashika. Kabla ya jua kuzama nilikuwa nimenyoosha ekseli ya kile kitanda. Tangu siku ile asubuhi nakwenda darasani na wodini, mchana nakwenda kwa Mzee Spana. Kule darasani nasikia sauti lakini siingiwi na neno. Sijawahi kupenda, Dada. Tangu wiki ya kwanza. Nilidhani kupenda kutakuja, kama ndevu.

Utaniuliza kwa nini nakwenda. Nakwenda kwa sababu ya koti lililoko sebuleni. Kwa sababu Baba aliwaambia watu wote, na alipolala kitandani mara ya mwisho alikuwa anawafukuza waliotaka kumpeleka hospitali akisema daktari wake anakua. Kwa sababu uliacha shule mimi nisome. Ningesemaje sipendi? Kwa mdomo upi?

Na kuna kitu kingine. Sikupanga kukuambia, lakini umesoma madaftari kumi na manne kwa kidole, huwezi kufichwa. Unakumbuka yule kuku?

Kila mtu anaijua hadithi: nilikuwa na miaka mitano, kuku akavunjika mguu, nikamfunga vijiti, Baba akaona akasema huyu ni daktari. Dada, kuku hakuvunjika mguu. Nilikuwa namfunga kwenye gari langu la kopo alivute. Vijiti vilikuwa vya kumfungia. Na magurudumu ya lile gari nilikuwa nimeyakata kwenye kandambili za Baba, zile mpya. Alikuwa anazitafuta nyumba nzima, fimbo mkononi. Wewe ndiye uliyekalia gari, ukalifunika kwa sketi. Baba akauliza, "Anafanya nini na kuku?" Na wewe ukasema, "Anamtibu, Baba. Ni daktari huyu."

Wewe ndiye uliyesema.

Baba akaiacha fimbo. Akacheka. Toka hapo sikuwahi kuitwa jina langu.

Mdogo wako

*

30 Juni

Mdogo wangu,

Nimezima mashine, nikakaa na barua yako tu.

Sikukumbuka. Nakuapia kwa mtoto wangu, sikukumbuka mpaka nilipofika kwenye neno sketi. Hapo miguu yangu ikakumbuka kabla yangu, maana lile kopo lilinikata paja, na kovu lipo mpaka leo. Mume wangu aliwahi kuniuliza kovu la nini, nikamwambia la msumari. Miaka yote nimekuwa nikimsimulia kila mtu habari za kuku aliyevunjika mguu. Nimemsimulia hata Kijiko akiwa tumboni. Nilidanganya siku moja nikusaidie usichapwe, kisha uongo ule nikauamini mwenyewe, nikaushonea koti.

Na yule mzee wa kitanda cha sita. Nafikiria ule upana wa ukucha. Naangalia ukucha wangu.

Kuhusu shule, nikuambie kweli, uongo umetosha. Niliipenda. Nilipoiacha nililia wiki nzima, Mama anajua. Lakini sikulia ili unilipe. Nilitaka mmoja wetu aende mahali anapopapenda. Sasa unaniambia hakuna hata mmoja aliyekwenda! Hilo ndilo limenichapa. Fimbo ya Baba ilikuwa na nafuu.

Niambie jambo moja tu, na usiniandikie "masomo yanaendelea". Unataka nini?

Dada yako

*

8 Julai

Dada, shikamoo.

Polepole ananisubiri getini niandike, kwa hiyo naandika kwa haraka na ndiyo maana nitasema kweli.

Chuo kina mafunzo ya ufundi wa vifaa vya hospitali. Vitanda, viti, mashine za kupumulia, mizani ya watoto. Mzee Spana kaniombea kwa mkuu. Nitaanza upya mwaka wa kwanza na watoto waliomaliza shule jana, watanicheka, na wacheke. Fomu ya kuhama ni hii hapa ndani. Chini inataka sahihi ya mzazi, na inafungwa mwisho wa mwezi.

Nilikuwa nayo toka Novemba. Nimeikunja na kuikunjua mpaka imekatika katikati, nimeipiga gundi. Sitaweza kumwomba Mama. Ukiona haiwezekani, irudishe bila neno lolote, nitaelewa, nitamaliza udaktari wao.

Leo pia nimekwenda.

Mdogo wako

*

21 Julai

Mdogo wangu,

Sisi wazima, na Kijiko ametembea hatua tatu, kijiko mkononi, kisha akakaa. Nimekuandikia hili kwanza kwa kuwa mengine ni marefu.

Siku nne nilizunguka na fomu yako kwenye mfuko wa aproni. Nilishona mkono wa kushoto mahali pa kulia, mara mbili. Siku ya tano nikamwona Mama sebuleni anapangusa mabega ya koti kwa kitambaa, kama mtu aliye ndani yake. Nikasema sasa.

Nikamwambia, "Mama, yule kuku hakuvunjika mguu."

Hakugeuka. Akaendelea kupangusa.

Nikamwambia yote. Gari la kopo, sketi, uongo wangu. Nikamwambia habari za sindano, na hapo mkono wake ukasimama. Nikamwambia habari za karakana. Nikaweka fomu mezani na kalamu juu yake. Niliogopa kama siku niliyomwambia nina mimba.

Mama akakaa. Kisha akasema, "Kuku alikuwa wangu."

Nikasema, "Naam, Mama?"

"Alikuwa kuku wangu. Mnadhani sijui kuku anayechechemea na asiyechechemea? Nilimfungua vile vijiti mimi, akakimbia mpaka kwa jirani. Na kandambili nilizikuta nyuma ya pipa, zimekatwa miviringo kama maandazi. Nilizifukia. Baba yenu alikufa anajua zimeibwa na yule mpangaji."

Mdogo wangu, nikamwuliza kwa nini hakusema miaka yote hiyo. Akaniambia, "Baba yenu alicheka siku ile. Wewe unakumbuka mara ngapi alicheka? Niseme nini, nimnyang'anye?"

Kisha akanigeukia, akaanza kunifokea mimi, eti ningemwambia mapema asingetoa kalenda. Akalia. Mimi nikalia. Kijiko akatushangaa, akaleta kijiko chake akampa Mama, na unajua hakuwahi kumpa mtu.

Siku mbili hakusema na mimi. Chakula alikula, lakini salamu alimpa mtoto. Siku ya tatu asubuhi fomu ilikuwa kwenye mashine yangu, chini ya sindano, imetiwa sahihi. Ametia kwa majina yake yote matatu, na kalamu imetoboa karatasi mahali pawili. Nikamwuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Akasema, "Mwambie sijapenda. Mwambie mimi nilitaka daktari na bado nataka. Lakini yule mzee wa kitanda cha sita ana watoto wake pia. Na mwambie aje mwenyewe aniambie kwa mdomo, asinitumie dada yake na dereva."

Kwa hiyo utakuja. Utaogopa, na utakuja. Njoo na spana, kitanda cha Mama kinalia mguu mmoja tangu mwaka juzi, na leo ndio nimejua kwa nini kila kikilia nilikuwa nakuwaza.

Fomu hii hapa. Na mzigo alionao Polepole ni koti.

Usishtuke. Nilimwomba Mama, akalitoa mwenyewe ukutani. Shemeji yako amenichanganyia rangi, nimelichovya mara tatu mpaka limekuwa la bluu ya kazi, grisi isionekane. Mikono nimeifupisha isinaswe kwenye mashine. Mifuko ilikuwa miwili, sasa ni sita, na ule mrefu wa pajani ni wa spana. Kuipata saizi yake niliukata kwanza kwenye karatasi. Nilitumia ukurasa wako mmoja, ule wenye gurudumu kubwa. Mwingine sikugusa.

Jina nimelifumua. Uzi mwekundu umetoka wote, isipokuwa ile R iliyolala imenisumbua. Ukilisogeza karibu na dirisha utaona matundu ya sindano kifuani, herufi saba. Nimejaribu kuyafuta kwa pasi, hayajatoka. Fundi mwenzangu ananiambia yatajifunga yenyewe ukilifua mara kwa mara. Kwa hiyo lichafue.

Dada yako